SABUFA LANGU LILIVYOTAKA KUNIHAMISHA CHUMBA

Mie nipo, nadunda, na bado nina mahali pa kulaza ubavu, ingawa majuzi hapa hilo la mwisho lilikuwa halina uhakika hata kidogo. Nusura nitupiwe virago nje, tena kodi ya miezi sita nikiwa nimeshalipa yote. Sikupigana na mtu, sikukopa dukani, sikuchukua demu wa mtu. Kesi yangu ilikuwa besi.

Usicheke kwanza. Kaa mkao wa kula nikupashe, maana kama wewe huna homu thieta ndani, basi anayo jirani yako mnayetenganishwa na ukuta tu, na mmoja wenu leo ataondoka na cha kushika.

Naishi Mwananyamala, nyumba yetu ile ya Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, bomba na choo uani, mama mwenye nyumba yuko chumba cha mbele anahesabu nani kaingia na nani katoka. Mie nina chumba na sebule. Ukuta wa sebule yangu ndio ukuta wa chumba cha mzee mmoja mstaafu, mpole, asiye na makuu, ambaye mwaka mzima mazungumzo yetu yalikuwa shikamoo, marahaba, basi.

Sasa zamu yangu ya upatu ilipofika, nikasema na mie nijipongeze. Nikashuka Kariakoo kutafuta homu thieta. Yule kijana wa dukani kaniangalia mara moja tu, kajua huyu kaja na mshiko. "Braza, hii hapa wati elfu tatu. Ukiifungulia yote, bati linaondoka." Mie kusikia bati linaondoka, pesa ikatoka mfukoni yenyewe. Hata kuomba kupunguziwa sikukumbuka.

Hapo hapo ndipo tunapoliwa wengi, kwa hiyo nianze napo. Wati zilizoandikwa pembeni ya herufi PMPO ni za kufurahisha macho. Ni hesabu ya kitu ambacho mashine ingeweza kukiruka kwa kupepesa jicho, tena mwenye kiwanda anajipangia mwenyewe namna ya kuihesabu. Ukitaka ukweli tafuta namba iliyo pembeni ya herufi RMS. Usipoiona, geuza sabufa, soma kibandiko cha nyuma kinachosema linakula umeme kiasi gani. Langu kibandiko kinasema wati 85. Ndugu yangu, kitu kinachokula wati 85 kutoka ukutani hakiwezi kutema wati 3,000 mfululizo, na hata hizo 85 nyingine zinaishia kuwa joto tu. Lingekuwa na uwezo huo, TANESCO wangeshakuja kulichukua wakalifunge Kidatu.

Lakini siku ile nilikuwa sijui hayo. Nikafika na boksi kichwani, watoto wa uani nyuma yangu kama nimeleta bibi harusi. Ndani mlikuwa na spika tano ndogo, kila moja kama kopo la maziwa, na sabufa lenyewe, jeusi, zito, linatisha. Mshikaji wangu mmoja, dereva wa daladala, akaja kunisaidia kufunga. Spika tukazitundika. Sabufa tukalisukumia kwenye kona kabisa, kwa sababu kona ndiyo ilikuwa na nafasi. Sofa ikabaki katikati ya sebule, maana nyuma yake kuna friji na ndoo zangu za maji. Waya tukachomeka haraka haraka, giza linaingia, hamu imetushika.

Tukawasha. Weee! Glasi za kabatini zikaanza kuimba. Vioo vya dirisha vikajibu. Mshikaji akaruka, "Mziki mnene huo!" Mie nikajiona nimemaliza mji.

Kasheshe ilianza siku ya pili, nilipokaa mwenyewe kusikiliza kwa utulivu. Kwanza, kila wimbo ulikuwa na besi ile ile. Nikiweka singeli, buuu. Nikiweka taarabu, buuu. Nikiweka bongo fleva, buuu. Hata mtangazaji wa taarifa ya habari alikuwa na buuu yake. Pili, na hili ndilo lililonichanganya, pale kwenye sofa langu besi yenyewe nilikuwa siisikii vizuri. Nakaa, hakuna kitu. Nainuka kwenda kuchukua maji, napofika ukutani, besi hiyo! Narudi kukaa, imepotea. Nikaona dawa ni moja tu, kuongeza. Rimoti ikafika 15, ikafika 20, ikafika 24. Siku moja naenda chooni usiku, redio nimeiacha, nasikia besi korido nzima, safi kuliko ndani kwangu nilikolipia pesa!

Usiku wa tatu ukuta ukagongwa. Ko, ko, ko. Mara tatu, kwa fimbo. Nikajua ni yule mzee. Na hapa naona haya kusema, lakini wewe ni mtu wangu wa kila wiki, sikufichi. Nikaongeza sauti. Nikajisemea, kwani nalala bure humu? Silipi kodi? Ikagongwa tena kesho yake, nikaongeza tena.

Jumapili asubuhi mama mwenye nyumba akaniita uani. Alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua mchele, hakuniinulia macho. "Mwanangu, mimi sijawahi kumfukuza mpangaji. Nakwambia hivi, mpaka Ijumaa, ama hilo dude litoke ama mtoke wote wawili. Kodi yako iliyobaki nitakurudishia." Nikaanza kujitetea. Akanikata. "Unajua babu wa ukuta wako katoka hospitali wiki ngapi? Presha. Daktari kamwambia apumzike, alale. Wewe unamtetemeshea kitanda."

Msomaji, nilikuwa sijui. Mwaka mzima shikamoo, marahaba, hata kuuliza hali sijawahi. Nilihisi mate machungu mdomoni.

Jioni nikanunua mkate na kilo ya sukari, nikaenda kumwona mgonjwa kama mtu mwenye adabu. Nilimkuta amekaa kitandani, fimbo pembeni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye debe?"

"Ndiyo mzee. Nimekuja kuomba radhi. Sikujua kama unaumwa."

Akanitazama kwa muda. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Radhi nimekupa. Lakini mie sikuwa nagonga kwa ajili ya kelele peke yake. Nilikuwa nakwambia umekosea. Besi ina noti, mwanangu. Yako ina noti moja."

Kumbe! Mzee wangu huyu, ninayempita kila siku na ndoo ya maji, alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi hapa hapa mjini, miaka ya 80, enzi ambazo Msondo na Sikinde walikuwa wanagawana jiji, ukiwa wa huku huendi kule. Vidole vyake bado vina alama. Akaniambia kesho jioni atakuja sebuleni kwangu, nisiwashe kitu mpaka afike.

Akaja na fimbo yake polepole. Nikamwekea kiti. Akasema weka muziki wa dansi, wowote ule wa zamani, ambao gitaa la besi linatembea. "Usiweke hayo ya mashine, hayo yana dumu moja tu. Ukitaka kujua besi yako ni nzima, tafuta besi inayopanda na kushuka. Kila noti ikusikike sawa na mwenzake. Ikitokea moja inapiga kelele na nyingine zimemezwa, ujue chumba ndicho kinachoimba, si spika."

Nikaweka. Kweli bwana! Besi ilikuwa inatembea, haisikiki, haisikiki, halafu ikifika noti fulani, BUUU, glasi zinaruka, kisha inapotea tena.

Baadaye nilikwenda kuyasoma haya na kumwuliza fundi mmoja wa redio anayejua kazi yake, nikakuta mzee hakukosea hata neno. Nikueleze kwa lugha yetu. Sauti ni mtetemo wa hewa. Sikio la binadamu linachukua kuanzia mitetemo 20 hivi kwa sekunde mpaka 20,000, na hiyo mitetemo kwa sekunde ndiyo inayoandikwa Hz. Ule waya mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne, ukiupiga bila kuubana, unatoa Hz 41. Kwa joto letu la Dar, sauti inakimbia kama mita 347 kwa sekunde. Gawa 347 kwa 50, unapata wimbi la karibu mita 7. Sebule yangu ni futi 10 kwa 12, yaani mita 3 na kidogo kwa mita 3 na nusu na kidogo. Wimbi lenyewe ni refu kuliko chumba!

Sasa wimbi refu likifungiwa kwenye chumba kifupi linagonga ukuta, linarudi, linakutana na mwenzake anayekuja. Kwa baadhi ya noti yanasaidiana, sauti inavimba. Kwa chumba cha vipimo vyangu, noti zinazovimba zaidi ni zile za karibu Hz 47 na Hz 57, na hapo ndipo ngoma na besi za nyimbo nyingi zinapokaa. Ndiyo ile buuu yangu ya kila wimbo. Na kama chumba chako ni mraba, futi 10 kwa 10, pole zaidi, maana urefu na upana vyote vinavimbisha noti ile ile.

Na ile ya besi kupotea kwenye sofa? Noti hizo hizo zinazovimba, zinavimba ukutani na konani. Katikati ya chumba zinafutana, panakuwa kama shimo. Na mie sofa langu nimelitega katikati kabisa! Nilikuwa nimekaa shimoni naongeza rimoti, jirani yangu kalala ukutani anakula yote. Ukilisikiliza hilo vizuri utaona uchungu wake. Mtu aliyenunua besi haipati, na mgonjwa asiyeitaka anaipata bure.

Basi tukaanza kazi. Mzee anaagiza kwa fimbo, mie natekeleza.

Kwanza, sofa. Tukahamisha friji na ndoo, sofa ikarudi nyuma, ikabaki kama hatua moja ndogo kutoka ukutani. Usiibandike ukutani kabisa, maana hapo besi itakuzidi. Muhimu ni utoke katikati.

Pili, sabufa litoke konani. Kona ni kama mdomo wa tarumbeta, inaongeza kila noti inayovimba. Wengine wanapapenda kona kwa sababu besi inakuwa nyingi. Nyingi ndiyo, ila si safi, na kama kona hiyo ni ya ukuta wa jirani, umemwekea mtu dude kitandani.

Tatu, kutafuta mahali pake. Hapa ndipo nilipopata jina jipya mtaani. Mzee akasema, "Libebe hilo debe, liweke juu ya sofa, pale unapokaa wewe." Nikamwona kachanganyikiwa. "Fanya. Weka ile besi inayotembea. Sasa piga magoti, tambaa chumba kizima, kichwa chini kabisa pale ambapo debe lingekaa, sikiliza. Utakapokuta noti zote ziko sawa, hapo ndipo pake." Kumbe hili ni jambo la mafundi duniani kote. Njia ya sauti kutoka kona kwenda sofani ni ile ile ya kutoka sofani kwenda kona, kwa hiyo badala ya kulihamisha dude zito mara ishirini, unajihamisha wewe.

Nikatambaa. Suruali imekunjwa, sikio sakafuni, sabufa limekaa kwenye sofa kama mgeni rasmi, mzee anatingisha kichwa. Nainua macho, dirishani kuna mtoto wa chumba cha tano na mama yake wanachungulia. Yule mama kashika mdomo. Kesho yake uani stori ilikuwa moja, yule kijana anatambaa usiku mbele ya kitu cheusi, na yule babu ndiye anayemfundisha. Mpaka leo nikienda bombani wengine wananipisha kwanza. Si haba, napata maji mapema.

Sehemu ikapatikana, kando ya ukuta wa mlangoni, hatua moja kutoka mkono wa sofa, mbali na ukuta wa mzee. Nikaweka sabufa pale, nikakaa kitini. Msomaji, besi ilitembea! Nikaisikia inapanda, inashuka, inasimama, inaulizana na gitaa la solo. Na rimoti ilikuwa kwenye 12.

Mzee akakunja uso. "Bado. Kuna spika inavuta nyuma." Akataka nitazame waya. Ebo! Kwenye spika moja ya mbele nilichomeka mwekundu kwenye cheusi na mweusi kwenye chekundu. Spika moja inasukuma hewa, mwenzake anaivuta, wanafutana. Hili halina gharama, ni macho tu, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, spika zote. Na kama sabufa lako lina swichi nyuma yenye 0 na 180, kaa kitini, mwambie mtu aibadilishe huku muziki unapiga. Upande ambao besi inasikika imejaa zaidi pale kitini, ndio huo huo, iache.

Masabufa mengine, hasa yanayouzwa peke yake, yana kitufe cha kuzungusha kinachoanzia 40 mpaka 150 au zaidi. Hicho kinapanga sabufa lipige mpaka wapi na spika ndogo zishike kuanzia wapi. Wakubwa wa sinema za nyumbani, THX wa Marekani, wanapendekeza 80, lakini hiyo ni kwa spika zenye mwili. Vikopo vyetu hivi vya maziwa haviwezi kushuka huko, vitaacha pengo. Jaribu 120 hivi, usizidishe, maana ukipanda sana sauti ya mwanamume itaanza kutokea chini ya meza. Homu thieta nyingi za boksi moja hazina kitufe hicho, kiwanda kimeshapanga. Usihangaike kulifungua.

Na kwa faida ya wabishi wa kijiweni wanaouliza 5.1 ni nini. Ni spika tano za kawaida, na ile .1 ni njia ya peke yake ya sauti nene za filamu, mpaka Hz 120. Wanaiita nukta moja kwa sababu inabeba kasehemu kadogo tu ka sauti yote. Mfumo huo wa Dolby Digital uliingia sinema mwaka 1992 na filamu ya Batman Returns. Sasa hivi uko Mwananyamala karibu na ndoo za maji.

Nne, kitu kinachotetemeka. Mzee alisema nusu ya kelele zangu si sabufa, ni kabati. Tukaweka wimbo, nikapita nagusa kitu kimoja kimoja kwa kiganja. Glasi, kioo cha dirisha, mlango wa kabati, picha ya ukutani, mfuniko wa ndoo. Kila kinacholia kikapata kitambaa, karatasi au kuhamishwa. Sabufa lenyewe likakaa sakafuni, kamwe si juu ya kabati, na chini yake nikaweka vipande vinne vya kandambili chakavu. Zile kandambili ulizotaka kutupa, kata, zina kazi. Na lile tundu la sabufa usiligandamize ukutani, ndipo linapopumulia. Liachie angalau kiganja kizima cha nafasi. Ukisikia linapuliza fuu fuu kama mtu mwenye mafua, umelizidishia mzigo, punguza.

Yule mshikaji wa daladala alileta wazo lake, tubandike trei za mayai ukutani ili jirani asisikie. Nimeona vijana wengi wanafanya hivyo. Ndugu zangu, wimbi la mita 7 haliioni trei ya mayai. Zulia na pazia zito vinapunguza mwangwi wa sauti nyembamba, chumba kinatulia, hilo kweli. Ila besi inapita pazia, inapita trei, na ukuta wetu wa tofali moja inaugonga na kuutetemesha. Trei rudisha kwa muuza chipsi.

Ndipo tukafika kwenye kipimo chenyewe. Mzee akanyanyuka, "Nakwenda kulala. Wewe piga. Nikisikia, nagonga mara moja." Akaondoka. Nikaweka 12. Ko! Nikashusha 10. Kimya kidogo, halafu ko! Nikashusha 8. Kimya. Nikangoja. Kimya. Dakika tano, kumi, hakuna kitu. Wasiwasi ukanishika, mgonjwa wa presha huyu, nimemkalisha juu jioni nzima! Nikazima, nikatoka mbio mpaka mlangoni kwake, nikabisha hodi moyo unanienda mbio.

"Nini tena?" Alikuwa kakaa kwenye kigoda, sikio limebandikwa ukutani. "Mbona umezima? Ndiyo kwanza ilikuwa inaingia kwenye chemko."

"Kwa hiyo unasikia, mzee?"

"Nasikia nikitaka kusikia. Nikilala kitandani, sisikii."

Msomaji, hapo ndipo nilipoelewa. Kuizuia besi isitoke kabisa kwenye nyumba za ukuta kwa ukuta huwezi, asikudanganye mtu. Unachoweza ni kuifanya ikutoshe wewe kitini kwa sauti ndogo, isiwe na haja ya kumfikia mwenzako kitandani. Sabufa likikaa karibu na wewe, mahali sawa, waya sawa, 8 inakushibisha kuliko 24 ya konani. Tuliokuwa tunashindana na rimoti, shida yetu haikuwa sauti ndogo.

Kuna ujanja mmoja uliobaki. Sikio lenyewe lina upungufu. Tangu mwaka 1933, Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walipima wakaonyesha kwamba sauti ikiwa chini, sikio linapoteza besi kwanza kabla ya sauti nyingine. Ndiyo maana ukipunguza usiku unaona muziki umekonda. Usipandishe yote. Kama mashine yako ina kitufe cha LOUDNESS, kibonyeze, kazi yake ni hiyo, kurudishia besi kidogo sauti inapokuwa ndogo. Ukiangalia filamu usiku, tafuta palipoandikwa NIGHT, inashusha ile milipuko na kupandisha maneno ya watu. Nyumba yetu sasa tumewekeana na saa, ikifika saa 3 usiku sabufa linalala, spika ndogo zinaendelea. Na kwa wale wa "nalipa kodi bwana," kodi haikununulii usingizi wa mwenzako. Nchi ina Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. NEMC si lazima waende baa tu.

Ijumaa ikafika, siku ya hukumu. Nilikuwa nimekaa ndani, muziki unapiga. Mama mwenye nyumba akabisha, akaingia na kanga yake begani, akaangalia konani palipokuwa na dude. Hakuna kitu. Akashusha pumzi.

"Umefanya la maana mwanangu kuliuza. Toka juzi nyumba imepoa."

Nikamwonyesha kwa kidole kando ya sofa. Akalitazama. Akaliinamia. Akaweka kiganja juu yake, akashtuka kuona linatetemeka. "Kumbe linapiga?" Nikamkaribisha kitini. Alikaa nyimbo mbili nzima bila kusema, mchele wake uko uani. Alipoinuka akasema tu, "Basi kaa. Ila saa 3 ni saa 3."

Siku hizi kila Jumamosi baada ya alasiri mzee anakuja. Nampa kiti kile kizuri, naweka dansi la zamani, yeye anaishika fimbo yake kama gitaa na vidole vinatembea. Kuna wimbo mmoja akifika katikati huwa ananiambia, "Sikiliza hapa, hapa mpigaji alikosea." Wiki iliyopita nikamwuliza alijuaje. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kwa sababu ni mimi."

Kabla ya debe kutoka konani, kosa hilo hakuna aliyeweza kulisikia. Haya, tukutane wiki ijayo Mungu akipenda, na kama ukuta wako umegongwa, kabla hujaongeza, nenda kapige hodi kwanza.